Pamba Nyeupe ya Gatitu

Muthoni alinipigia simu Jumanne asubuhi nikiwa katikati ya somo. Sipendi simu darasani, na wanafunzi wangu wanajua ninavyowakaripia kwa jambo hilo, kwa hiyo waliangua kicheko yangu ilipoanza kunguruma juu ya meza. Niliipokea kwa sababu Muthoni si mtu wa kupiga simu ovyo. "Prof, Baba ametuacha," akasema. "Ni kifua tu, ile ile ya siku zote." Nikampa pole, nikauliza atazikwa lini, akasema Ijumaa, nyumbani Kiriaini. Nikarudi ubaoni. Nilikuwa nimechora sindano nne zilizounganika katikati, kila moja ikielekea upande wake. Hilo ndilo umbo la chembe ya oksidi ya zinki inapozaliwa ndani ya moshi, chembe ndogo kiasi kwamba ukizipanga mamia hazifikii unene wa unywele. Nilikuwa karibu kuwaeleza kwa nini udogo huo unaibadilisha tabia ya kitu kizima. Nikautazama ule mchoro, chaki mkononi. Nikawaambia somo limekwisha. Hakuna aliyeuliza kwa nini, walifurahi kutoka mapema.

Aliyenipa umbo lile ni baba yake Muthoni, Fundi Ndiritu, na yeye hakuliita jina lolote la kisomi. Aliliita pamba. Nimekula mkate wa pamba ile maisha yangu yote, nimesafiri kwa ajili yake, nimeitwa Profesa kwa ajili yake, na bado nikiona mtu amesimama karibu na dirisha lililofungwa huwa najisikia vibaya. Habari za ukoo wetu sitazisimulia hapa, hazisaidii kitu. Inatosha kusema kwamba ilikuwa miaka ya tisini, chuo kilifungwa baada ya migomo, tukaambiwa twende makwetu tungoje barua, na barua ilichukua karibu mwaka mzima kufika. Nilikuwa nimemaliza mwaka wa pili wa kemia. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimesoma vitabu vinne au vitano vinene, na nilidhani nimemaliza dunia.

Nilipata chumba Skuta, pembeni mwa mji wa Nyeri, nyuma ya nyumba ya Fundi, na kazi katika karakana yake kule Gatitu. Chumba kilikuwa cha mbao na bati, kimeshikamana na jiko la Mama Muthoni, na kilichotutenganisha ni ukuta wa mbao zilizopishana vibaya. Harufu ya vitunguu ilipita, moshi wa kuni ulipita, na maneno yalipita zaidi ya vyote. Niliijua nyumba ile kwa masikio kabla sijaijua kwa macho. Nilijua Fundi anapiga mluzi akivaa viatu, nilijua Mama Muthoni anasali kwa Kikuyu na kugombana kwa Kiswahili, nilijua Muthoni, ambaye wakati huo alikuwa mtoto wa miezi minane, analia akipakwa dawa ya matako. Jioni nilialikwa jikoni. Tulikula githeri ya mahindi na maharagwe, siku nyingine mukimo wa viazi vilivyopondwa na majani ya malenge, na kila mlo ulimalizika kwa kikombe cha maziwa ya ng'ombe wao mmoja. Julai ya Nyeri unaijua mwenyewe, jua linaweza kukusahau wiki mbili. Nilipenda kukaa karibu na yale mafiga kuliko mahali popote.

Mwaka ule Fundi alikuwa na kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Shule moja ya bweni ilikuwa imeanzisha ufugaji wa ng'ombe wa maziwa, na ilitaka vizizi thelathini vya mabomba. Mabomba yenyewe yalikuwa ya kupakwa zinki, kwa sababu mkojo wa ng'ombe hula chuma cha kawaida hadi kikaanguka. Fundi alichomelea, mimi nikamfuata nyuma na brashi, nikipaka rangi ya fedha kila kiungo, maana moto ukipita juu ya bomba huiondoa ile zinki na kuacha chuma uchi. Hiyo zinki inayoondoka ndiyo kisa chenyewe. Moto ulipoigusa iliwaka kwa mwali wa kijani, ikatoa moshi mweupe mzito, na ndani ya moshi kukawa na vinyuzi vyepesi vilivyopanda hadi darini na kushuka polepole. Vilikaa kwenye utando wa buibui, kwenye kofia ya Fundi, kwenye kope zangu. Niliona uzuri mtupu. Nilikuwa navikusanya kwa unyoya wa kuku na kuvitia kwenye mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, sijui kwa nini, labda kwa sababu nilikosa maabara.

Mafundi wote wa kuchomelea niliowajua kule walikunywa maziwa. Walisema yanaosha moshi. Mama Muthoni alifika karakana kila siku saa nne na chupa ya maziwa iliyofungwa kwa gazeti, mtoto mgongoni, akasimama hadi mume wake amalize tone la mwisho. Siku moja nikamwambia kwa ule ujuaji wangu kwamba maziwa huenda tumboni, hayaendi mapafuni, kwa hiyo anajisumbua bure. Nilikuwa sahihi. Alinitazama, akaifunga chupa yake, akaondoka, na kesho yake saa nne alikuwa pale pale na chupa ile ile.

Fundi alikuwa na homa iliyojua kalenda. Alipumzika Jumapili, akaenda kanisani, akalala mchana, halafu Jumatatu akachomelea kutwa, na jioni ya Jumatatu akaanza kutetemeka. Meno yaligongana, mgongo uliuma, na alisema mdomo wake una ladha ya sarafu. Asubuhi ya Jumanne aliamka mzima akipiga mluzi. Kuanzia Jumanne hadi Jumamosi hakuna kitu, halafu Jumatatu tena. Machi alikuwa ameshuka Mwea, kwenye mbu wengi, kutengeneza milango ya ghala la mpunga, akalala huko wiki nzima bila neti, kwa hiyo kila mtu alijua ni malaria. Jumatatu jioni alimeza vidonge, Jumanne alikuwa amepona, na kupona kukawa ushahidi. Mtu atabishana vipi na dawa inayofanya kazi kila wiki?

Mama Muthoni peke yake ndiye aliyebisha. Nakumbuka asubuhi ile vizuri, ukungu umejaa hadi mlangoni na mabomba yana umande. Karakana ilikuwa na madirisha mawili yasiyo na vioo na yeye ndiye aliyekuwa akipita kuondoa magunia ambayo mumewe aliyatundika kuzuia baridi.

"Ni hii moshi," akasema. "Toa hiyo mashine nje, Baba Muthoni. Chomea huko kwa hewa."

"Nje? Na hii Julai? Unataka nikufe na baridi na bado niko na malaria?"

"Ati malaria. Malaria gani inakuja tu Monday?"

"Wee, wacha. Si dawa inasaidia?" Fundi akanigeukia na miwani yake ya giza juu ya paji la uso. Alikuwa anacheka. "Profesa, wewe ndio umesoma. Amua hii kesi. Hii kitu nyeupe iko na sumu ama haina?"

Nilikuwa nimelingoja swali la namna ile tangu chuo kifungwe. Nikaweka brashi chini. "Mama Muthoni," nikasema, "ile dawa nyeupe unapaka mtoto, imeandikwa nini kwa mkebe?"

"Si ni zinki."

"Basi. Na hii moshi ni zinki ikiungua. Ni kitu moja, hata hakuna tofauti. Unaipaka mtoto kila siku na hajakuwa mgonjwa. Itaua aje mtu mzima?"

Fundi alicheka hadi akashika bomba asianguke. "Umesikia? Kumbe mimi nimepakwa dawa ya mtoto kwa mapafu!" Akachukua gunia, akalitundika dirishani, akachukua la pili. "Kesi imekwisha. Tumefunga." Mama Muthoni hakucheka. Aliniuliza tu, kwa sauti ya chini, "Una uhakika, Nyambura?" Nikamwambia nina uhakika kabisa. Akamrekebisha mtoto mgongoni, akaenda zake.

Nimeyarudia maneno yale mara nyingi kuliko sala yoyote. Kilichoniuma baadaye ni kwamba kitabuni yalikuwa kweli tupu. Ni kitu kile kile, zinki na oksijeni, atomu moja kwa atomu moja. Lakini punje ya kwenye mkebe wa dawa ni nene, imefungwa ndani ya mafuta, imekaa juu ya ngozi ya mtoto na kazi yake ni hapo hapo. Chembe ya moshi ni ndogo hata pua haiioni inapopita. Inateremka hadi chini kabisa ya mapafu, mahali ambapo hewa inakutana na damu, na kwa kuwa ni ndogo sana karibu mwili wake wote ni ngozi ya nje, tayari kugusa chochote na kukichokoza. Hiyo ndiyo sifa ninayowafundisha wanafunzi kama neema. Kwa sababu hiyo chembe hizi huzuia miale ya jua zikipakwa usoni, huua vijidudu zikitiwa kwenye kitambaa, na hunusa gesi ambayo mtu hawezi kuinusa. Neema hiyo hiyo ilikuwa kifuani mwa Fundi Ndiritu kila Jumatatu. Mwili huizoea ukiivuta kila siku na kuisahau ukipumzika, ndiyo maana homa ilipenda siku ya kwanza ya kazi, na ingepoa asubuhi hata kama angemeza karanga badala ya vidonge. Mimi nilijua fomula tu, nikadhani nimejua kitu.

Kama hadithi ingekomea hapo, ningejisamehe. Mtu mwenye miaka ishirini na mmoja anaruhusiwa ujinga. Lakini haikukomea hapo. Baada ya madirisha kufungwa, karakana ilijaa weupe hadi taa ikawa na duara la ukungu. Jumatatu moja ya mwisho wa Julai nilishinda humo kutwa nzima, na jioni nikaenda jikoni kama kawaida. Mama Muthoni alikuwa anamenya viazi. Nilikaa karibu na moto na sikupata joto. Nikanywa maziwa, yakawa na ladha ya sarafu. Mikono ikaanza, halafu magoti, halafu taya.

"Nyambura, unatetemeka," akasema.

"Ni hii baridi tu."

"Baridi ya hapa kwa moto?"

"Nimetoka nje saa hii, nitapata joto."

Akaendelea kumenya. Nilikuwa sijashuka Mwea. Nilikuwa sijafika mahali popote penye mbu kwa zaidi ya mwaka. Nilijua pale pale, kikombe mkononi, kwamba hakuna malaria ndani ya nyumba ile na haijawahi kuwako. Nikaenda chumbani, nikajifunika kila nilichokuwa nacho, na kupitia ule ukuta nikamsikia Fundi, naye anatetemeka, akimwambia mke wake, "Huyu msichana atakuwa mtu mkubwa, wewe ngoja uone. Vile anasema, ndio hivyo." Nilisikia kisu cha Mama Muthoni kwenye viazi, kikienda.

Ningeweza kugonga ukuta. Ilikuwa mbao tu. Lakini nilikuwa nimemshinda mwanamke yule mbele ya mume wake, na sikuweza kustahimili kumwambia kwamba yeye, aliyeishia darasa la sita, ndiye aliyekuwa sahihi. Nilipenda kuitwa Profesa. Hiyo ndiyo sababu yote, na nimetafuta nyingine bora kwa miaka mingi nikakosa. Nikajiambia nitasema Jumamosi, kazi ikipungua. Jumamosi nikajiambia vizizi vimebaki vitano tu, vikiisha madirisha yatafunguka yenyewe. Siku tisa nilinyamaza, na kwa siku tisa niliingia mle ndani nikiwa nimejifunga leso puani na kusema ni mafua. Mimi nilijikinga. Sijui kama kuna neno langu lolote katika kurasa hizi ninaloliona zito kuliko hilo.

Siku ya tisa, Jumatano, Fundi alishindwa kuinua bomba. Alikaa chini, akaegemea ukuta, akasema ubavu wake unachomwa. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Tulimpeleka hospitali, na daktari, mtu mpole aliyeonekana amechoka, akauliza mgonjwa anafanya kazi gani. "Anachomelea vyuma," Mama Muthoni akasema, kisha akanitazama, akingoja mimi niliyesoma niongeze. Sikuongeza. Ikaandikwa nimonia, na ilikuwa nimonia kweli, pande zote mbili, imeingia kwenye kifua kilichokuwa kimechomwa miezi mingi. Alilala pale wiki tano. Alitoka akiwa hai, na kila mtu akamshukuru Mungu, lakini pumzi yake haikurudi. Mtu aliyepiga mluzi akivaa viatu sasa alipumzika baada ya kiatu cha kwanza. Vizizi vilivyobaki vilimaliziwa na mtu mwingine. Mashine ilifunikwa gunia ikapelekwa Kiriaini, kwenye shamba la baba yake, na familia ikaifuata.

Barua ya chuo ilikuja wiki hiyo hiyo waliyokuwa wakifunga vitu. Fundi alikuwa amewekwa kwenye kiti uani, blanketi magotini, mahali palipokuwa na jua kidogo. Aliniita, akatoa ule mkebe wangu chini ya kiti. "Hii pamba yako," akasema, akapumua. "Ulikuwa unaipenda. Peleka uonyeshe walimu." Niliupokea kwa mikono miwili. Mama Muthoni alikuwa anaanua nguo, na aliacha kuanua akautazama mkebe mikononi mwangu.

Mwalimu wangu alituma sehemu ya ile pamba kwa rafiki yake ng'ambo aliyekuwa na hadubini ya elektroni, maana sisi hatukuwa nayo. Bahasha ilirudi na picha tatu. Sindano nne nne, safi, zimenyooka, maelfu yake. Mwalimu aliuliza mara mbili nilizitengeneza kwa njia gani, na nilipomwambia ni moshi wa karakana alicheka kwa furaha akasema mlango wangu umefunguka. Ulifunguka kweli. Nimetengeneza vifaa vidogo vinavyonusa hewa mbaya kabla haijamdhuru mtu, na kinachonusa ndani yake ni zile zile sindano. Watu huniuliza kwenye mikutano wazo nililipata wapi, na mimi husema nilikulia karibu na mafundi. Huwa wanapiga makofi.

Nilimtembelea Kiriaini mara moja tu, mwaka niliohitimu. Nilimpelekea picha moja ndani ya fremu. Aliishika karibu na macho, akaitazama sana. "Kumbe nilikuwa natengeneza maua," akasema, kwa pumzi tatu. Akaomba itundikwe sebuleni. Nilikuwa nimepanda mteremko ule wa majani chai nikiwa na maungamo yangu tayari, nimeyapanga neno kwa neno, nikanywa chai, nikashuka nayo tena.

Ijumaa ya mazishi ile picha bado ilikuwa ukutani, imefifia, juu ya kabati la vyombo. Mvua nyembamba ilinyesha. Mchungaji alisema marehemu alikuwa mvumilivu, na watu wakaitikia. Waombolezaji walipopungua nilimfuata Mama Muthoni jikoni. Amezeeka vizuri, mgongo bado umenyooka. Alikuwa anachemsha maziwa, na Muthoni alikuwa nje na vyombo, kwa hiyo tulikuwa wawili tu, na safari hii hapakuwa na ukuta.

"Mama Muthoni," nikasema, "kuna kitu sijawahi kukuambia. Ule moshi. Mwanzoni sikujua. Lakini kabla hajaanguka nilijua, siku tisa nzima, na nikanyamaza."

Hakugeuka. Alikuwa anaangalia maziwa yasifurike. "Ile jioni ya viazi," akasema.

Nikakaa chini karibu na moto.

"Ulitetemeka vile yeye alikuwa anatetemeka. Nikakuuliza, ukaniambia ni baridi. Na hujawahi kwenda Mwea." Akaitoa sufuria motoni, akaiweka chini. "Nikasema, huyu amesoma. Kama ni moshi angesema. Labda mimi ndio sijui kitu. Nikangoja useme. Na dirisha ilikuwa tu hapo, Nyambura. Ilikuwa gunia. Mimi niko na mikono."

Nilianza kulia, kwa sauti mbaya ya mtu asiyezoea. Nilikuwa nimekuja kutua mzigo wangu na nikakuta mwenzangu amekuwa akibeba wake muda huo wote, na wa kwake pia nilikuwa nimemtwika mimi. Hakunikataza kulia wala hakunishika. Halafu akachukua kikombe, akakifuta kwa kanga yake, akamimina, akanisogezea.

"Kunywa," akasema. "Si dawa. Uliniambia. Ni maziwa tu."

Nikanywa.